Santuri za babu: kujua hali yake kabla ya kutaja bei

Swali. Msomaji wa Mombasa anaandika: "Shikamoo. Marehemu babu ametuachia sanduku la santuri: ndogo 112, kubwa (LP) tisa, na sita nzito za zamani, moja kati yake imeshavunjika. Nyingi ni za Mbaraka Mwinshehe, Simba Wanyika, Les Wanyika, taarab za hapa kwetu na za Kikongo. Kuna mfanyabiashara anatoa shilingi 19,000 achukue zote. Lakini mtandaoni nimeona mtu anauza moja tu kwa dola 60, na pembeni kaandika VG+. Herufi hizo ni nini, nitajuaje zangu ziko daraja gani, na nimuuzie huyu au niuze mwenyewe?"

Jibu. Marahaba. Huyo mfanyabiashara usimpe mzigo leo, ila usimfukuze pia. Shilingi 19,000 kwa vipande 127 ni kama 150 kila kimoja. Kwa sehemu kubwa ya sanduku hilo, 150 si wizi. Kuna santuri humo ambazo hata ukizigawa bure utabembeleza watu. Kwa vipande vichache, huenda vitano, huenda kumi na tano, ni kutupa mali. Taabu ni kwamba wewe hujui ni vipi, na yeye pengine anajua.

Kabla ya lolote, usizifute. Najua mkono unawasha ukiona vumbi, lakini kitambaa kikavu juu ya santuri yenye vumbi ni msasa: chembe za mchanga zinaburutwa juu ya mifereji na kuacha mikwaruzo ambayo jana haikuwapo. Wapo pia wauzaji wanaopaka mafuta ya nazi ili zing'ae. Mafuta yanajaa mferejini, yanashika vumbi, na sindano ikipita inasukuma uji. Zisimamishe wima kama vitabu, zisiegemee upande, mbali na dirisha. Zikilazwa moja juu ya nyingine, za chini hubeba uzito wa zote na mchanga ulio katikati hugandamizwa ndani. Na usiziache garini ukizipeleka kuonyesha mtu: plastiki yake huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hulifikia bila shida.

Herufi zinasema nini

Mizani inayotumika katika soko kubwa la mtandaoni, Discogs, ilitokana na jarida la Marekani liitwalo Goldmine. Kutoka juu kwenda chini ni M, NM, VG+, VG, G+, G, F na P. Usizitafsiri neno kwa neno, zitakudanganya. VG kwa maneno ni "nzuri sana", lakini sokoni ni santuri iliyochezwa hasa: mikwaruzo inaonekana bila kutafutwa, na muziki ukitulia unasikia inachakarika, ingawa wimbo haumezwi. G ni "nzuri", na maana yake ni kwamba imechoka. Inafika mwisho bila kuruka, ila kelele iko nawe muda wote. F na P ni zilizopasuka, zilizopinda zisichezeke, au zinazoruka.

VG+ ina mikwaruzo myembamba kama unywele inayoonekana ukiiinamisha kwenye taa, lakini masikio hayaijui, au yanaijua kwa tik mbili tatu hafifu. NM ni ile ambayo unaitafuta dosari na huioni, unaisikiliza na huisikii. M iache. Hiyo ni ya santuri isiyoguswa na sindano kabisa, na hakuna njia ya kuthibitisha hilo kwa kitu kilichokaa sandukuni miaka arobaini. Ukiandika M, mnunuzi mzoefu atakuona mgeni. Waingereza nao wana EX, inayokaa karibu na VG+ ya Marekani ikielekea juu kidogo.

Kila hatua ni pesa. Kanuni ya jumla ya soko ni kwamba VG+ hupata kama nusu ya bei ya NM, VG robo, G+ na G asilimia 10 hadi 15, F na P kati ya sifuri na 5. Chukulia mfano wa santuri ambayo NM yake ni shilingi 4,000: VG+ ni 2,000, VG ni 1,000, G ni 400 hadi 600. Kwa hiyo ukipandisha daraja moja tu kwa mapenzi umejiongezea bei maradufu, na mnunuzi wa Berlin akiipokea atakudai arudishiwe. Nauli ya kwenda imeshaliwa, ya kurudi mtagombana, na maoni mabaya yatabaki kwenye ukurasa wako. Ukisita kati ya madaraja mawili, andika la chini.

Usivunjike moyo ukikuta nyingi ni VG. Santuri ndogo za Afrika Mashariki zilifanya kazi: baa, harusini, kwenye mashine zenye mkono mzito na sindano iliyotakiwa kubadilishwa miaka miwili iliyopita. NM katika santuri hizi ni adimu kweli, na wakusanyaji wanalijua hilo. VG ya kweli, iliyoelezwa vizuri, inauzika. Kisichouzika mara ya pili ni VG iliyoitwa VG+.

Kuangalia kwenye taa

Ngoja usiku. Zima taa za chumba, washa taa moja tu yenye mwanga mkali wa nukta moja: taa ya mezani yenye balbu inayolingana na wati 60 hadi 100 za zamani, au tochi nzuri. Taa ndefu ya mrija haifai, mwanga wake unatawanyika na kuficha mikwaruzo. Shika santuri kwa ukingo na kwa lebo, vidole visiguse mifereji. Iinamishe hadi mwanga ukupige machoni kutoka juu ya uso wake, kisha izungushe polepole mzunguko mzima. Rudia ukiwa umeigeuza robo, kwa sababu mkwaruzo unaoonekana kutoka upande mmoja hupotea kabisa kutoka mwingine.

Utaona aina tatu za alama, na zote si sawa. Ya kwanza ni ukungu wa mikwaruzo midogo midogo isiyo na kina, iliyoachwa na karatasi ya bahasha kila santuri ilipoingia na kutoka. Hiyo inatisha macho kuliko masikio. Ya pili ni mkwaruzo halisi. Pitisha mgongo wa ukucha juu yake, taratibu, bila kukandamiza. Ukucha ukikwama, sindano nayo itasikia, na hapo VG+ imekwenda. Ya tatu ndiyo inayowaponza wengi kwa sababu haionekani kama kosa: uso wenye rangi ya kijivu, usiong'aa, hasa karibu na lebo. Huo ni mfereji uliolika. Sindano butu zilichonga kuta zake, na hakuna kuosha kutakakorudisha kilichochongwa. Kinachosikika si tik bali sauti iliyopasuka: tarumbeta zinaungua, herufi "s" ya mwimbaji inakuwa kama bati linaburutwa.

Uchakavu huo huanzia sehemu za ndani kwa sababu ya hesabu. LP inazunguka kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho, lakini duara linapungua. Kwenye ukingo wa nje mfereji hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Muziki uleule umebanwa katika nafasi isiyofika nusu, mikunjo ya mfereji ni mikali zaidi, na sindano mbovu inaumiza zaidi. Kwa hiyo ukitaka kuijua LP haraka, usisikilize wimbo wa kwanza. Sikiliza wa mwisho wa kila upande.

Weka santuri juu ya kioo cha meza uone kama imepinda. Kupinda kwa ukingo milimita moja hakubadili daraja kama sindano inapita bila kuruka, lakini kuandikwe. Angalia pia tundu. Baadhi ya santuri ndogo zina tundu dogo la milimita 7, nyingine kubwa la 38, na zipo zilizokuwa na dogo likapanuliwa kwa kisu ili ziingie kwenye mashine fulani. Tundu lililochongwa kwa mkono haliko katikati, na wimbo utayumba kama mlevi. Kuna wakati kiwanda chenyewe ndicho kilichokosea kutoboa. Mnunuzi hajali kosa ni la nani, anataka kujua lipo.

Kuosha

Sasa ndipo unapoosha, baada ya kuangalia na kabla ya kucheza. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yasiyo na asidi ndani au ya duka la dawa. Ya bomba la Mombasa yana chumvi inayobaki mferejini yakikauka. Changanya mililita 800 za maji hayo na 200 za alkoholi ya isopropili, tia matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na krimu. Sabuni kazi yake ni kufanya maji yaingie mferejini badala ya kusimama juu kama matone kwenye jani la mgomba.

Lebo ifunike. Kifuniko cha mtungi chenye upana wa sentimita 9 hadi 10 kinatosha kwa santuri ndogo na kwa LP, ukikishika kwa kidole. Toa vumbi la juu kwa brashi laini, tia maji kwa kitambaa cha nyuzi laini kisichoacha manyoya, na sugua kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikatize. Dakika moja au mbili kila upande. Suuza kwa maji matupu yaliyotoneshwa, kausha kwa kitambaa kingine safi, kisha isimamishe nusu saa kwenye rafu ya kukaushia sahani. Usiirudishe kwenye bahasha ya zamani. Vumbi lote limo humo. Nunua bahasha mpya za karatasi, na ile ya zamani ihifadhi nyuma yake kama kielelezo, maana bahasha ya kampuni ina bei yake.

Pwani utakutana na kuvu: madoa meupe yaliyotawanyika kama unga. Mengi yanatoka kwa mchanganyiko huo ukiuacha ukae dakika tatu nne. Yakiacha kivuli, hapo patachakarika milele, shusha daraja.

Zile sita nzito usizitie hata tone la alkoholi. Nitazifikia.

Kusikiliza

Macho hukosea kwa pande zote mbili. Ipo santuri inayong'aa kama kioo na inasikika kama mafuta ya kukaangia, ama kwa sababu mfereji umelika, ama kwa sababu plastiki ilikuwa hafifu tangu kiwandani. Na ipo yenye sura ya kutembezwa barabarani inayoimba vizuri. Kwa hizi za kwetu, sikiliza kila moja unayofikiria kuuza peke yake kwa zaidi ya shilingi 1,000. Zilizobaki sikiliza sekunde thelathini mwanzo, kati na mwisho.

Usitumie mashine ya babu kabla sindano haijabadilishwa. Azima mashine yenye mkono unaoweza kupimwa, uzito wa sindano uwe gramu 1.5 hadi 2.5 kadiri kichwa chake kinavyotaka.

Wakati wa kusikiliza, saa inakusaidia kujua chanzo cha kelele. Santuri ndogo ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika, inamaliza mzunguko kila sekunde 1.33, LP kila 1.8. Tik inayorudi kwa mwendo huo huo kama saa ya ukutani ni mkwaruzo unaokatiza mifereji. Zinazokuja ovyo ni vumbi au umeme tuli, na huenda kuosha mara ya pili kukaziondoa. Na usidharau mkwaruzo mfupi. Milimita moja ya santuri ina mifereji kama minane hadi kumi. Mkwaruzo wa sentimita moja unaotoka ukingoni kuelekea lebo unakata mifereji 80 hadi 100, yaani tik 80 hadi 100, yaani karibu dakika mbili za wimbo wa dakika tatu kwenye santuri ya 45. Jicho lilisema "kakwaruzo kamoja".

Zihesabu tik. Maelezo yanayouza ni ya namna hii: "Upande A VG+, ukungu wa mikwaruzo ya karatasi, hausikiki. Upande B VG, mkwaruzo mmoja, tik 22 hafifu mwanzoni, hairuki. Jina limeandikwa kwa kalamu kwenye lebo ya A. Bahasha ya kampuni, mshono wa chini umefumuka. Imesikilizwa yote, pande zote mbili." Yaandike kwa Kiingereza kwa mnunuzi wa nje, lakini yasipoteze hata kipande kimoja. Pande mbili zipe madaraja mawili. Ukilazimika kuweka moja, weka la upande mbaya.

Kuhusu jina la babu kwenye lebo: usilifute wala kulikwangua. Kalamu kwenye lebo inashusha bei kidogo. Karatasi iliyochubuka inaishusha zaidi, na inamfanya mtu ajiulize ulikuwa unaficha nini. Hali ya lebo na ya bahasha haihesabiwi ndani ya daraja la santuri, inaandikwa pembeni yake.

Hii ni santuri gani hasa

Jina la wimbo na bendi halitoshi. Iinamishe tena kwenye taa utazame sehemu laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Humo kuna herufi na namba zilizochorwa kwa mkono au kugongwa kwa mhuri. Zinakili zote, A na B, pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye lebo, jina la kampuni, nchi, na maandishi madogo ya ukingoni. Piga picha pande zote mbili. Nyimbo zilizopendwa zilichapwa tena na tena, na chapa ya baadaye inaweza kubeba namba ileile ya toleo ikiwa na lebo ya rangi nyingine.

Bendi nyingi za Tanzania nyimbo zao zilichapwa Nairobi, kwa hiyo usishangae Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro kuwa na Kenya kwenye lebo. Hiyo ndiyo asili yake, si nakala. Kwa za Kikongo tahadhari zaidi. Wimbo mmoja wa Franco unaweza kuwapo kwa chapa ya Kinshasa, ya Ufaransa na ya Nairobi, na kwa mkusanyaji hizo ni santuri tatu tofauti zenye bei tatu.

Ukiwa na taarifa hizo ingia Discogs utafute kwa namba ya toleo, si kwa jina la wimbo, kwani tahajia ya Kiswahili kwenye lebo za zamani inatofautiana. Usipoikuta, inaweza kuwa ishara nzuri: haijaorodheshwa na mtu. Unaweza kuiongeza mwenyewe kwa picha ulizopiga.

Bei, na ile dola 60

Dola 60 uliyoiona ni bei ya mtu anayeomba, si ya mtu aliyelipwa. Yaweza kuwa imekaa hapo miaka mitatu. Ukurasa wa kila toleo Discogs unaonyesha bei ya chini, ya kati na ya juu ya zilizouzwa kweli, na tarehe ya mwisho kuuzwa. Tovuti ya Popsike nayo inahifadhi matokeo ya minada ya zamani ya eBay. Soma tarehe na soma daraja: bei ya kati inachanganya NM na G katika kapu moja, kwa hiyo yako ya VG isiipiganie.

Kuna jambo linalowaumiza warithi wengi hapa. Umaarufu nyumbani haumaanishi bei. Wimbo uliopigwa kila harusi ulichapwa kwa wingi mno, na kila sanduku la urithi kuanzia Tanga hadi Kisumu linao. Nyingi za Les Wanyika na Simba Wanyika ulizonazo zitaangukia huko, hata kama ndizo zinazokutoa machozi. Kinachotafutwa ni kilichochapwa kidogo: bendi iliyotoa santuri mbili ikavunjika, kampuni ndogo ya mtu mmoja, benga ya lebo isiyojulikana nje ya wilaya yake, fanki ya Kiingereza ya vijana wa miaka ya 70 kama Slim Ali wa hapo hapo kwenu na bendi yake ya Hodi Boys. Taarab za lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand la Mombasa, ziweke kando pia uzichunguze moja moja. Angalia vilevile kama wimbo umetolewa upya kwenye mkusanyiko, kama ule wa Kenya uliotolewa na kampuni ya Soundway ya Uingereza mwaka 2013. Kutolewa upya kunaweza kuongeza watafutaji wa toleo la kwanza, au kuwaridhisha waliotaka wimbo tu. Bei za mauzo ya karibuni ndizo zitakazokuambia ni lipi.

Zile sita nzito

Hizo ni za mizunguko 78 kwa dakika, zimetengenezwa kwa sandarusi ya wadudu iliyochanganywa na unga wa mawe, si plastiki. Alkoholi inaiyeyusha. Zipanguse kwa maji yaliyotoneshwa yenye tone la sabuni, haraka, zikauke mara moja, lebo isilowe. Usizicheze kwenye gramafoni ya sindano za chuma kwa ajili ya kuonyesha wageni. Sindano ya chuma ilikusudiwa upande mmoja tu kisha itupwe, kwa kuwa ule unga wa mawe unaisaga. Sindano ya LP nayo ni nyembamba mno, inatambaa kwenye sakafu ya mfereji na kuokota takataka zote. Ya 78 ni ya unene wa mikromita 70 hivi, karibu mara nne ya ile. Ufa mdogo unasikika kila sekunde 0.77. Madaraja yake pia ni tofauti: wakusanyaji wengi wa 78 huandika N, E, V, G, F, P, na E inaheshimiwa sana.

Soma lebo zake kabla ya nyingine zote. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na santuri za enzi hiyo zenye nyimbo za Kiswahili hazipimwi kwa kanuni ya shilingi 150. Ile iliyovunjika usiigundishe kwa gundi wala kuitupa. Vipande viweke pamoja kwenye bahasha nene, piga picha ya lebo na namba zake. Chuo au maktaba ya sauti inaweza kuzihitaji hata kama mnunuzi hazitaki.

Kutuma

Discogs hukata karibu asilimia 9, na huikata kwenye jumla pamoja na nauli, si kwenye bei ya santuri peke yake. Malipo hupitia PayPal, na Kenya unaweza kuyatoa kwenda M-Pesa, nako kuna makato ya kubadilisha dola. Kabla ya kuweka santuri sokoni nenda Posta ukiwa na kifurushi cha mfano kilichofungwa kamili, uliza nauli ya Ulaya na Marekani yenye namba ya ufuatiliaji. Santuri ya shilingi 700 isiyoweza kubeba nauli ya mara tatu yake, usiiuze nje. Unganisha tatu nne kwa mnunuzi mmoja au uiuze hapa.

Itoe santuri kwenye bahasha yake ya zamani na uiweke nyuma yake, la sivyo ikitikisika njiani itaipasua mshono. Weka kadibodi mbili kila upande, mistari ya moja ikienda wima na ya nyingine mlalo; zikiwa na mwelekeo mmoja zinakunjika pamoja. Ziwe pana kuliko santuri kwa sentimita mbili ili pembe zipokee kipigo. Funga kwa utepe zisitembee, kisha nailoni ya kuzuia maji. Kwa 78, fanya hivyohivyo halafu uitie ndani ya boksi lenye karatasi zilizokunjwakunjwa unene wa sentimita tano pande zote sita, isiguse ukuta wowote. Kwenye fomu ya forodha andika santuri iliyotumika na bei halisi.

Na huyo mfanyabiashara

Mwambie akupe wiki mbili. Jioni ya kwanza panga mafungu matatu kwa lebo tu, bila kuosha: unazozikuta kwa wingi na bei ndogo Discogs, usizozikuta au zenye bei ya kushangaza, na zilizopasuka au kupinda. Fungu la kati ndilo la kuosha, kusikiliza na kupiga picha. Likifika santuri 25 nitashangaa. Hizo na zile za 78 zitoe sandukuni. Zilizobaki mpe nafasi ataje bei upya, akiona mwenyewe kilichomo na kisichomo.

Anayenunua kwa jumla hutaka kulipa theluthi hadi nusu ya atakachouzia, na si dhuluma. Yeye ndiye atakayekaa na G mia moja kibandani. Kwa hiyo kama mia hizo zilizobaki akizikadiria 100 kila moja, hiyo ni 10,000 taslimu na sebule yako iko wazi. Akisema sanduku bila zile 25 halitaki hata kwa shilingi, amekujibu swali lako: sasa unajua zile 25 ndizo alizokuwa ananunua, na unaweza kuanza nazo.